Sura ya Nne: Njo Ile Ile

Alikuwa na miaka kumi. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, alimsaidia mama yake kupanga mafungu ya nyanya na viazi sokoni Butembo, mashariki mwa Kongo, na masomo yakiisha alirudi palepale. Nilimwona kwa macho yangu akipokea noti ya franka 1,000 kwa mafungu ya 600 na kurudisha 200 mbili bila kuhesabu vidole. Mteja aliyefuata aliomba kuvunjiwa noti yake ya 1,000. Msichana akampa 500 moja, 200 mbili na 100 moja, na kabla mkono wa mteja haujafunga alishaanza kumsikiliza mtu wa tatu.

Kesho yake nilimpa chaki. Ubaoni nilikuwa nimeandika nusu, 1/2, na alama ya usawa mbele yake, nikataka sehemu nyingine iliyo sawa na hiyo. Akaandika 2/3.

Nilimwuliza ameipataje. Alinitazama kama anayeshangaa kwamba mwalimu amesahau somo lake mwenyewe. "Mwalimu, ulisema ile tunafanya juu, tufanye na chini. Nimeongeza moja juu, nimeongeza moja chini."

Alikuwa amenitii neno kwa neno. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema kweli, siku mbili nyuma, huku nikionyesha kuzidisha. Yeye akashika "juu na chini" na kuacha "zidisha", kwa kuwa kuongeza ndiko alikokuzoea zaidi. Hakuwa na kitu cha kumwambia kwamba amekosea. Ubaoni palikuwa na tarakimu tu, na tarakimu za chaki hazina uzito wala urefu. Jioni ile ile, kama mteja angemwambia kwamba 500 moja kati ya mbili ni sawa na mbili kati ya tatu, angemfukuza.

Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, na sura hii yote inalizunguka: mtoto wa Butembo au wa Beni huja shuleni akijua tayari kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mengi ya namba. Noti ya 1,000, 500 mbili, 200 tano, 100 kumi: pesa ni ile ile. Nusu yake ni 500 moja kati ya mbili, au 100 tano kati ya kumi, na hiyo ndiyo 1/2 = 5/10 nzima, imekaa mfukoni mwa kila mtoto anayetumwa dukani. Sokoni tunaita kuvunja. Ukivunja noti, vipande vinaongezeka na thamani haigusiki. Kazi ya mwalimu ni kumfanya mtoto avunje kwa mikono yake mbele ya macho yake, mara nyingi, kabla hajaambiwa kanuni yoyote.

Wala tusidhani ni shida ya shule zetu peke yake. Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa jumla ya 12/13 na 7/8 inakaribia namba ipi: 1, 2, 19 au 21. Kila moja ya sehemu hizo imebakiza kidogo tu kuwa kitu kizima, kwa hiyo jumla yake inakaribia 2. Asilimia 24 tu ndio waliojibu hivyo. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu peke yake, au za chini peke yake. Wale walikuwa na vitabu vya rangi, madawati na umeme. Walichokosa ni kile kile alichokosa msichana wangu: hawakuiona 12/13 kama kitu chenye urefu. Waliona namba mbili zilizotenganishwa na mstari.

*

Tuanze na maneno, kwa sababu ndipo tunapomwangusha mtoto kwanza.

Neno "sehemu" katika Kiswahili cha kila siku halidai usawa. Mtu akisema "nipe sehemu yangu" anaweza kupata kubwa au ndogo. Hata "nusu" tumeilegeza: nyumbani mkate hukatwa mara mbili, na kaka mkubwa huchukua "nusu kubwa". Hakuna anayecheka, kwa kuwa wote wanaelewa. Lakini darasani nusu kubwa haipo, na ni lazima kulisema hilo waziwazi siku ya kwanza. Mimi huleta muhogo, nikaukata kwa makusudi vibaya, na kuwauliza kama nimetoa nusu mbili. Watakaosema ndiyo ni wengi. Nawapa kipande kidogo wale waliosema ndiyo. Baada ya hapo mjadala huenda wenyewe.

Halafu kuna namna ya kusoma 2/4. Wengi wetu tumezoea kusema "mbili juu ya nne", na mtoto husikia namba mbili, moja imepanda juu ya nyingine. Sema "robo mbili" uone tofauti. Robo mbili ni kama ndizi mbili au mayai mawili: ni vitu viwili vya aina moja, na aina yenyewe ni robo. Vitabu vya Tanzania huiita namba ya juu kiasi na namba ya chini asili, na mimi nayapenda maneno hayo. Ya chini inaeleza kipande kimetokana na nini, kitu kizima kilikatwa mara ngapi; ya juu inaeleza umechukua kiasi gani. Kiswahili kina pia hazina ya majina ya sehemu iliyotoka katika Kiarabu: nusu, thuluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), thumuni (1/8). Kwetu huku "nusu" inatosha kwa mambo mengi, "robo" husikika redioni mtangazaji anapotaja saa, na mengine yamebaki vitabuni. Sidai tuyafufue yote. Lakini "thuluthi mbili" humwambia mtoto jambo ambalo "mbili juu ya tatu" humficha.

Mtoto wetu ana mzigo mwingine pia. Nyumbani huongea Kinande, au Kiswahili, au vyote viwili. Darasa la kwanza na la pili husoma kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia na kuchukua ubao wote. Sehemu zinaanza kumchanganya wakati uleule ambapo lugha nayo inambadilikia, na hivyo anakutana na wazo jipya ndani ya neno jipya. Mwalimu anapomwona kimya hajui kama ni hesabu iliyomshinda au ni Kifaransa. Karatasi iliyokunjwa haina lugha, na hiyo ni sababu tosha ya kuanza nayo.

*

Chukua daftari la miraba lililokwisha. Kila nyumba inalo, na duka la mandazi hufungia hayohayo. Kata utepe wenye upana wa vidole viwili na urefu wa miraba 12. Ukurasa mmoja hutoa tepe kadhaa, hivyo madaftari machache ya zamani yanatosha darasa la watoto 60, na madarasa yetu, tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, mara nyingi yana idadi hiyo au zaidi. Kila mtoto apate tepe nne. Asipewe mtoto mmoja mbele ya wengine aonyeshe. Kila mtoto, hata yule wa dawati la nyuma kabisa lililobanwa ukutani.

Kwa nini miraba 12? Kwa sababu 12 inakubali kugawanywa kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubaki. Ukichukua 10, utapata nusu na humusi, na thuluthi itakutesa. Walimu wengi huanza na 10 kwa kuwa ni namba nzuri ya kuandika, na somo hukwama siku ya pili.

Utepe wa kwanza hauguswi. Huo ni mmoja mzima, na utabaki juu ya dawati mpaka mwisho wa somo. Wa pili ukunjwe mara moja, ncha kwa ncha, ufunguliwe, na upande mmoja upakwe mkaa. Watoto waseme: nusu moja. Utepe huohuo ukunjwe tena kama mwanzo, kisha ukunjwe mara nyingine. Kabla hawajaufungua, waulize: mikunjo itatoa vipande vingapi? Wengi watasema vitatu, kwa sababu walikuwa na viwili wakaongeza mkunjo mmoja. Waache waseme. Wakifungua watakuta vinne, na sauti itakayotoka ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Sasa uliza swali lenyewe: sehemu nyeusi imekuwa robo ngapi? Mbili. Je, mkaa umeongezeka? Hapana. Umepungua? Hapana. Mbona punde tu tuliiita nusu?

Mwaka ule alikuwa mvulana wa dawati la tatu aliyejibu, naye hakungoja kuruhusiwa: "Njo ile ile, mwalimu! Tumeikata tu!"

Njo ile ile. Ndiyo hiyohiyo. Sijapata maelezo bora ya sehemu zinazolingana katika kitabu chochote, cha Kifaransa wala cha Kiswahili, na tangu siku ile nimeyaandika ubaoni kwa herufi kubwa mahali ambapo zamani niliandika kanuni.

Kunja mara ya tatu, utapata thumuni nne. Utepe mwingine ugawanye kwa kuhesabu miraba minneminne, upate thuluthi, kisha kila thuluthi uigawe mara mbili. Mtoto apange tepe zake moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikilingana kama wanafunzi mstarini, aweke penseli wima kwenye mraba wa sita. Penseli itapita kwenye nusu moja, robo mbili, sudusi tatu. Itaipita thuluthi katikati, na hilo nalo ni somo: si kila aina ya kipande inaweza kuitaja nusu.

Ni hapo nilipomwita tena msichana wa sokoni. Sikumwambia kwamba alikosea. Nilimwomba apake mkaa 1/2 kwenye utepe mmoja na 2/3 kwenye mwingine, azilaze pamoja. Miraba sita, miraba minane. Alikaa kimya kitambo. "Imezidi," alisema, kisha akachukua kaye yake, kama tunavyoliita daftari, akafuta kwa kidole chenye mate.

*

Utepe ni mwanzo mzuri lakini una kasoro: ukiendelea kukunja, vipande vinakuwa vyembamba na mikono midogo inashindwa. Kwa hiyo siku ya tatu au ya nne mimi huhamia shambani.

Watoto wetu wanaijua ardhi iliyogawanywa. Nyanda za juu za Lubero zimejaa watu. Shamba la babu limekatwa kwa ajili ya wana, na la kila mwana limekatwa tena, hadi familia nyingi za Wanande zikashuka kaskazini kuelekea Beni na hata Ituri kutafuta nafasi. Mtoto wa miaka tisa ameshasikia wazee wakibishana juu ya mpaka. Chora mstatili. Huu ni shamba zima. Ugawe kwa mistari miwili ya wima, upate vipande vitatu. Panda maharage katika viwili, yaani chora nukta. Maharage yamechukua 2/3 ya shamba. Sasa mwenye shamba ana watoto wanne, na kila mmoja atapalilia ukanda wake: piga mistari mitatu ya kulala kutoka upande hadi upande. Hesabuni viwanja vyote. Kumi na viwili. Vyenye maharage? Vinane. Je, kuna aliyeng'oa hata mche mmoja?

Kutoka hapo watoto huitoa kanuni wenyewe, na huisema vizuri kuliko nilivyokuwa nikiisema mimi. Kila kipande kimekatwa mara nne; vya shamba zima vimekuwa mara nne zaidi, na vile vyenye maharage pia vimekuwa mara nne zaidi. Ndiyo maana tunazidisha juu na chini kwa namba moja. Na ndiyo maana kuongeza moja juu na moja chini hakufai: hakuna kisu kinachokata shamba namna hiyo. Nimeona madarasa ambamo kanuni hii ilitajwa siku ya kwanza na kusahauliwa siku ya kumi. Ikija siku ya tano, ikitoka kinywani mwa mtoto, haisahauliki, kwa sababu akiisahau anaweza kuchora shamba na kuipata tena.

Kurudi nyuma pia kunaonekana. Futa mistari ya kulala: 8/12 imekuwa 2/3. Hapa nina ugomvi na neno. Kifaransa husema *réduire*, nasi tukatafsiri "kupunguza sehemu". Mtoto akisikia kupunguza anaamini 2/3 ni ndogo kuliko 8/12, na ukimwuliza ipi kubwa atakujibu bila kusita. Nimeliacha neno hilo kabisa. Mimi husema "kuunganisha vipande". Ardhi ni ile, tumeng'oa mipaka tu.

Kuhusu duara sina mengi. Vitabu vingi vinalipenda, na picha ya mkate wa mviringo uliokatwa ni nzuri kwa nusu, robo na thumuni. Mpe mtoto akate thuluthi tatu za duara kwa mkono uone. Vipande havilingani, naye anajifunza uongo. Chupa za plastiki ni bora zaidi, mradi ziwe za aina moja na zimenyooka: pima maji hadi nusu kwenye moja, hadi robo mbili kwenye nyingine, ziweke dirishani. Maharage kumi na mawili mezani nayo yanafaa, ila kwa watoto walioshaelewa utepe, maana kundi la vitu kumi na viwili ni vigumu kuliona kama kitu kimoja.

*

Sharti moja linashikilia haya yote, na mwalimu akilisahau hata siku moja atabomoa alichojenga: kitu kizima kiwe kimoja. Nusu ya utepe mfupi hailingani na robo mbili za utepe mrefu. Inaonekana wazi mno hata mtu huona haya kuisema, lakini nenda katazame ubao wowote ambapo mwalimu amechora kwa haraka mstatili wa 1/2 na pembeni yake mstatili wa 2/4, wa pili umepanuka kwa sababu nafasi ilikuwapo. Mtoto anayetazama kwa makini atakataa kwamba ni sawa, naye atakuwa na haki.

Watoto wa kwetu waliwahi kuona jambo hili katika hali ambayo hakuna mwalimu angeichagua. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliugusa mji wetu na mji jirani kuliko karibu mahali pengine popote. Wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Kwenye lango la shule paliwekwa ndoo ya maji ya klorini. Ya kunawia mikono ilikuwa ya asilimia 0.05, ya sakafu na vyombo asilimia 0.5. Watoto walizijua harufu hizo mbili kabla ya kuzijua desimali.

Asilimia 0.05 ni 1/2,000. Katika ndoo ya lita 20 ni gramu 10 za klorini kwa gramu 20,000 za maji; katika pipa la lita 200 ni gramu 100 kwa 200,000. Hapa vitu vizima viwili havilingani kabisa, na klorini ya pipa ni mara kumi ya klorini ya ndoo. Kinacholingana ni ukali. Darasa la sita wanaweza kulibeba wazo hili, na wanapaswa kulibeba, kwa sababu hilo ndilo litakalowapeleka kwenye uwiano na asilimia. Darasa la nne, hapana. Waachie utepe mmoja mzima, usiobadilika, hadi wauchoke.

*

Mwezi wa tatu wa mwaka mmoja nilipokea mtoto aliyetoka upande wa Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika vijiji vya eneo hilo yamewafanya watu kukimbia tena na tena, wengine hadi kwetu, kilomita 54 hivi kwa barabara. Alikuwa amekosa shule zaidi ya mwaka. Kifaransa hakukijua, na Kiswahili alikitumia kwa kujibu tu. Sikumwuliza alichoona. Nilimpa tepe nne kama wengine wote, na mkaa.

Alikunja kwa utaratibu mkubwa, ncha juu ya ncha, akipitisha ukucha juu ya mkunjo mpaka ukawa kama uliokatwa kwa kisu. Siku ya pili jirani yake alimwomba amkunjie. Siku ya tatu watoto wanne walikuwa wamemzunguka, naye akiwaonyesha thuluthi bila neno, akiuzungusha utepe mpaka ncha zikutane. Sijui kama nilimfundisha hesabu mwezi ule. Najua kwamba alikuwa na kitu cha kufanya ambacho hakikumdai maelezo, na kwamba alikifanya vizuri, mbele ya wenzake. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi hauwezi kupima hilo, na siulaumu.

*

Mwaka 1952 mwalimu wa mji mdogo wa Thuin, Ubelgiji, aitwaye Georges Cuisenaire, alichapisha kitabu juu ya vijiti vyake vya rangi. Vilikuwa vijiti vya mbao vya urefu kumi tofauti, kuanzia sentimeta 1 hadi 10: cheupe cha 1, chekundu cha 2, na kuendelea hadi cha rangi ya chungwa cha 10. Mtoto akipanga vyekundu vitano chini ya cha chungwa anaona 10 bila kuhesabu. Vijiti hivyo vilienea duniani, na bado vinauzwa kwa bei ambayo shule zetu haziwezi.

Sisi tuna matete. Yapo kando ya kila kijito, yamenyooka, hukatika kwa kisu cha jikoni, na kaka wakubwa wa darasa la sita wanaweza kuandaa seti nzima Jumamosi moja. Kata vipimo vya sentimeta 12, 6, 4, 3, 2 na 1. Rangi: mkaa, udongo mwekundu uliokorogwa na maji, majani yaliyopondwa, majivu. Cha sentimeta 12 ndicho kizima. Viwili vya 6 vinakifunika, vitatu vya 4, vinne vya 3. Kinachonifurahisha kuliko utepe ni kwamba kijiti hakidanganyi. Karatasi unaweza kuivuta kidogo ili ilingane, tete haliwezi.

Siku moja, tulipokuwa na mirundo ya matete mezani, niliwasimulia watoto habari ya mfupa. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Kutoka Butembo, kwa mruko wa ndege, hapafiki kilomita 60. Akakuta mfupa wa urefu wa sentimeta 10 hivi, wenye kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha, na pande zake zimechanjwa chale katika safu tatu. Una umri wa miaka 20,000 hivi. Leo umewekwa katika jumba la makumbusho Brussels. Safu mbili kila moja ina chale ambazo jumla yake ni 60. Safu ya tatu inasomeka hivi: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Wataalamu hawajaacha kubishana. Kuna waliosema ni mchezo wa namba, na Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Sikuwaambia watoto wamwamini yeyote. Niliwaambia wachanje matete yao vivyo hivyo, kwa kisu, wahesabu, waniambie wanaona nini.

Waliinama kwa muda mrefu. Kisha ikaanza kutoka huku na huku. Tatu na sita. Nne na nane. Tano na kumi, ingawa kumi imetangulia. Ubaoni niliandika walivyosema: 3/6, 4/8, 5/10. Mvulana wa dawati la tatu alishasimama. "Njo ile ile! Zote ni nusu!" Darasa zima likalipokea, na jirani yetu wa darasa la pili akabisha ukutani.

Msichana wa sokoni hakupiga kelele. Alikuwa ameweka kidole mwishoni mwa safu.

"Mwalimu, na hii tano na saba?"

Nikamwuliza yeye anaonaje. Hakujibu. Alitafuta katika mabaki ya karatasi, akahesabu miraba, akakata utepe ambao sikuwahi kuwapa, wa miraba 14. Nikamwuliza kwa nini 14.

"Saba haigawanyiki mara mbili. Nimevunja kila moja."

Alipaka mkaa miraba kumi. Akaukunja utepe katikati, akaufungua, akaweka ukucha kwenye mkunjo, akahesabu kutoka hapo hadi mwisho wa weusi.

"Imepita nusu," alisema. "Kwa tatu." Akauviringisha utepe ule, akautia mfukoni, akatoka mbio. Kengele ilikuwa imelia, na mama yake alikuwa akimngoja sokoni.